Mnavu wa Klara

Mlimwona, majirani, msijifanye. Kila siku ya soko pale Lukozi, Klara alitua tenga la kabichi, akakandamiza tumbo kwa ngumi, nanyi mkageukia bei ya karoti. Dada yake alipoumwa tumbo mlifanya hivyo hivyo, kisha mkaleta unga kwenye msiba wake.

Leo asubuhi amedondoka mlangoni pa choo. Binti yake amekuja kumwinua, akaona kilichobaki kwenye mbao: kinyesi cheusi tii, kinachonata kama lami.

“Mama, nini hiki?”

“Mnavu huo. Tunakula mnavu kila siku, ulitaka kitoke cheupe kama wali wa Krismasi?”

Binti karibu acheke. Kisha akakumbuka kwamba nyumba nzima wanakula chungu kimoja cha mnavu, na hakuna mwingine anayetoa choo cha namna hii.

“Na vile vidonge vya mgongo, bado unameza?”

“Nisipomeza, kabichi zitatembea zenyewe hadi barabarani?”

“Kabla ya kula?”

“Kabla ya kula ndipo vinafanya kazi. Tumbo likiwaka nakunywa maji ya magadi, linatulia.”

Binti ameushika mkono wa mama yake. Kiganja kilichozoea udongo mwekundu kimekuwa cheupe kama kitunguu kilichomenywa, na kina baridi.

Ule weusi chooni si mnavu, ni damu; vidonge vimemchubua tumbo, na bado inavuja. Wewe jirani uliyesimama uani, usijifanye unaangalia milima. Pikipiki yako ina mafuta. Iwashe, umpeleke hospitali sasa.