Siku Moja ya Kiwandani

Kiwanda cha matrekta kilipofungwa, kumbukumbu za kazini zilitolewa vichwani mwa wafanyakazi, zikachukuliwa pamoja na mashine, maana kisheria zilikuwa mali ya kiwanda. Kila mtu aliachiwa kumbukumbu ya siku moja tu, achague mwenyewe. Tunu, aliyekuwa fundi wa rangi, alichagua siku aliyotongozwa na Kibwana kwenye foleni ya chakula. Alijua mumewe naye atachagua hiyohiyo. Wapi! Kibwana alichagua siku trekta la kwanza lilipotoka, na kila akimaliza kula anafumba macho, anatabasamu peke yake.

"Baba Zuhura, ni trekta tu linakuchekesha hivyo?" Tunu akamuuliza leo, roho inamuuma. "Au kuna mtu?"

"Wewe na wivu wako! Kuna dada mmoja tu, kashika brashi, analipaka rangi. Kanipa mgongo. Lakini anavyocheka, mama, we acha tu."

"Si ndiyo mimi huyo?"

"Sijui. Hageuki."

Tunu akajaribu kukumbuka kama aliwahi kulipaka rangi trekta la kwanza. Hakupata kitu. Basi akajilazimisha kucheka, kwa sauti, huku anamtazama mumewe usoni.

Kibwana akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafumba macho tena.