Jiko la Marehemu Lupatu

Siku hizi marehemu mashuhuri hawapumziki: hutengenezewa sanamu zenye sauti zao, zikasimama kwenye makumbusho kusimulia maisha yao. Bi Zawena akaenda kumsikiliza mumewe, Mhandisi Lupatu, mvumbuzi wa jiko lisilo na moshi.

"Nililivumbua nikipika ugali," sanamu ikajinaki mbele ya wageni.

"Ugali, Baba Kito? Wewe uliyekuwa ukiunguza hata maji?" Wageni wakaangua kicheko. "Jiko nililibuni mimi, kwa debe na udongo wa kichuguu. Wewe ulinishikia tochi tu! Leo sema kweli!"

Sanamu ikapepesa macho. "Ahsante, mama. Nimesahihisha."

Bi Zawena akaondoka kwa madaha. Mlangoni akaisikia ikiwaambia wageni wapya:

"Nililibuni kwa debe na udongo wa kichuguu. Mke wangu alinishikia tochi tu."