Injini Ndogo ya Boti ya Mama Albina

Jumamosi, tarehe 14 Mei 1955. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati ya mtaa wa Mazwi, na baridi iliwafanya watu wa Sumbawanga watembee wamefumbata mikono kwapani.

Kalisti alisimama nje, kwenye baraza la duka la Zubery, uso kwenye ukuta wa pembeni, mlango ukiwa nyuma yake. Ndani, hatua chache nyuma ya mgongo wake, alisimama Fransiska, mjane mwenye boti ambayo Kalisti ndiye nahodha wake. Walikuwa wamepanda kutoka Kasanga, kando ya ziwa, kwa lori moja. Fransiska na binti yake Albina walikaa mbele na dereva. Kalisti alikaa juu ya magunia ya dagaa, ingawa mbele palikuwa na nafasi.

"Bwana Zubery," Kalisti aliuambia ukuta, "tunataka injini ndogo. Ile kubwa aliyoiacha marehemu itabaki ya safari. Hii iwe ya kuburuta ndoano tu."

"Mwendo wa polepole, basi."

"Mwendo wa mtu anayekwenda kuungama. Ukizidi hapo, samaki kuhe hawashiki ndoano. Na isizimike."

Zubery alikuwa na injini mbili. Alizifunga kwenye ubao juu ya pipa la maji pale barazani, karibu na cherehani ya fundi Hamis, akaanza kuisifu ile yenye nguvu zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokaa dukani muda mrefu.

"Mwulize mwenye boti anasemaje," Kalisti alisema bila kugeuka.

"Mwenye boti ana masikio," alisema Fransiska. "Kama Kalisti ana swali, aniulize mwenyewe."

Kalisti alizidi kuusogelea ukuta. Fundi Hamis alikanyaga cherehani yake kidogo, kisha akaacha ili asikie vizuri.

Zubery, ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuwa ameona magomvi mengi dukani. Hili hakulielewa. Alimsogeza mjane pembeni, karibu na mafungu ya khanga.

"Mama Albina, huyu kijana amekukosea nini?"

"Sijui. Nimesali rozari nzima njiani namwomba Mungu anionyeshe. Huyu alikuwa anakula kwangu. Akishusha samaki ananawa, anaketi, anasema shikamoo mama, ugali uko wapi. Tangu Pasaka, akiniona njiani anaingia kwenye mahindi. Juzi hapakuwa na mahindi, akaingia kwenye upupu."

"Upupu?"

"Akakaa humo mpaka nikapita. Nilimsikia anajikuna."

Zubery alifikiri. "Mtu hajifichi hivyo bure. Samaki umewaangalia?"

"Samaki hawapungui. Ila amekwenda Mwimbi kwa baba yake mdogo, na amerudi hasemi alifuata nini. Mwimbi hakuna ziwa, Bwana Zubery. Kule ni ulezi. Anataka kuniacha akalime."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Tangu mumewe afariki, manahodha wote wa Kasanga walikuwa wamekataa kuamriwa na mwanamke, isipokuwa huyu mmoja. Akiondoka, boti ingekaa mchangani hadi mbao zake ziachane.

Kutoka nje ilisikika sauti ya Kalisti. "Bwana Zubery, kamba ya kuwashia ni ngumu? Mwanamke anaweza kuivuta?"

Fransiska alimtazama Zubery. Zubery aliinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Albina alitoka ndani akaja barazani, akakaza khanga kiunoni. Alivuta kamba ya ile injini kubwa, ikakohoa tu. Alivuta ya ile ndogo. Mara ya pili ikawaka, ikanguruma taratibu ndani ya pipa, na maji yakazunguka bila kumwagika.

"Hii," alisema Albina.

"Basi ni hiyo," alisema Kalisti upesi, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo haikumfaa mtu anayeaga.

"Umeona?" Fransiska alinong'ona. "Anamtafutia mwanangu injini atakayoiweza peke yake. Ili akishaondoka dhamiri isimsumbue."

Alikuwa ameshika fundo la khanga lenye fedha. Akalikaza tena.

"Sinunui," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Kwanza aahidi mbele ya watu kwamba haiachi boti yangu. Asipoahidi, narudi Kasanga nikaiuze."

Zubery aliizima injini. Hamis aliitwa awe shahidi, akainuka na futi yake shingoni, akajikung'uta nyuzi kwa heshima ya shughuli.

"Kalisti," alisema Zubery, "mama wa watu amesema. Sisi wawili tunasikia, na Mungu anasikia. Geuka umwambie."

Kalisti hakugeuka. Alivua kofia, akaishika kando ya uso wake, upande ule ulioelekea mlangoni. Albina aliiinamia injini, akayasoma maandishi yake kwa makini sana, ingawa yalikuwa ya Kiingereza.

"Tunangoja," alisema Hamis.

"Mwambieni mama," Kalisti aliuambia ukuta. "Naahidi mbele yenu, boti sitaiacha. Ulezi ukishavunwa Mwimbi, baba mdogo atakuja Kasanga na jembe la posa ya Albina. Na kwa heshima, kama nilivyoanza Pasaka tulipokubaliana, uso wa mama mkwe wangu sitautazama."