Kijiti cha Mpima Ardhi

Aliivika nyundo ya hema soksi ili isitoe mlio, kisha akakigonga kijiti mara mbili. Utepe mwekundu ukazama majini. Akanyoosha mgongo, akatazama juu ya mteremko kuona kama mkewe ameshaamka.

Kijiti hicho alikisimika yeye mwenyewe, Ijumaa jioni, mvua ilipoujaza mto. Alikuwa mpima ardhi, na mtu wa kazi hiyo haoni mto bila kuuwekea alama. Utepe ukionekana, alimwambia mkewe, gari linavuka. Ukizama, hakuna kutoka kambini, maana njia ya kutoka msituni ni moja tu na inapita hapa mtoni. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Katika miaka ishirini ya ndoa alikuwa hajawahi kukuta kipimo cha mumewe kimekosea, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomchosha.

Jumamosi asubuhi utepe ulikuwa nje, unapepea. Mpima ardhi alisimama pale muda mrefu, akiwaza Jumatatu saa tatu. Saa hiyo walitakiwa mahakamani, yeye na mkewe, kumalizia talaka. Mke ndiye aliyefungua kesi, na hakimu alikuwa amewaonya: mmoja wenu akikosa kuja, nafunga faili na talaka hakuna. Safari hii ya kupiga kambi ilikuwa zawadi ya binti yao aliye chuoni, ambaye hakujua lolote, na wao walishindwa kumwambia. Siku mbili tu, walikubaliana, kisha kila mtu ashike njia yake.

Akarudi hemani kuchukua nyundo.

Aliporejea baadaye, mkewe alikuwa anapuliza moto.

"Bado?"

"Bado. Utepe umezama."

"Yaani umenileta huku kunifungia kama kuku kwenye tenga!"

"Si mimi. Ni mto."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mwanamke huyo. Mchana ule akalala kwa uchovu wa mawazo. Alipoamka alikuta sketi ya mkewe imeanikwa kwenye kamba ya hema, pindo linadondosha maji. Akadhani amefua.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Maji yalipungua, na kila yalipopungua ilibidi ayafuate. Alikigonga kijiti asubuhi, mchana na jioni, mpaka kikabaki shubiri moja juu ya matope. Katikati ya hapo alikaa juu ya mteremko akilinda njia ya mtoni, akaogopa hata kwenda chooni. Kingo zinateleza, alimwambia mkewe, usishuke. Mkewe akasema sawa. Mpima ardhi akaona kwamba aliyefungwa kambini ni yeye mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa inaishia majini.

Alitaka kumwambia: nisamehe, nimedanganya, sitaki uondoke. Alimpenda, basi. Lakini mtu anayeweza kukutajia umbali wa mlima kwa kuutazama tu alikuwa hajui aanzie wapi sentensi kama hiyo.

"Soksi yako nyingine iko wapi?" mkewe aliuliza wakati wa kula.

"Imepotea."

"Huku porini? Imekwenda kumtembelea nani?"

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa imepita miaka, na walishtuka kidogo kusikia sauti zao. Ijumaa walikuwa wamekula maharage yasiyo na ladha, wamenuniana, kwa kuwa yeye ndiye aliyefungasha vyombo na chumvi akaisahau nyumbani. "Dunia nzima unaipima," mkewe alimwambia siku ile, "kijiko cha chumvi kimekushinda." Leo alikula sahani mbili za maharage yale yale, akakomba na sufuria. Mkewe alimtazama anavyokula. Kando ya moto palikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni, kimefunikwa kwa kisahani.

Jumatatu, saa moja asubuhi, mpima ardhi alikuwa amekaa juu ya mteremko. Mjini ni mwendo wa saa moja na nusu. Akiweza kuusukuma muda kidogo tu, basi faili litafungwa.

Ndipo alipomwona mlinzi wa msitu, yule mzee aliyewafungulia lango Ijumaa, anakuja kutoka kibanda chake ng'ambo ya mto. Alivua viatu, akakunja suruali, akavuka taratibu kama mtu anayepita kwenye dimbwi la uani. Maji hayakumfika hata nusu ya muundi.

Mpima ardhi aliteremka mbio kumzuia.

"Mzee wangu, maji si bado yamejaa?"

"Maji yapi?" Mlinzi alicheka. "Haya hata bata hawezi kuogelea."

"Tafadhali, punguza sauti. Mke wangu..."

Lakini mke alikuwa tayari amesimama juu ya mteremko, amejitanda shuka, anawaangalia. Alikuwa ameuona mto, ameiona suruali kavu ya mlinzi, na saa yake ilikuwa mkononi. Mpima ardhi aliinamisha kichwa. Akangoja kelele, akangoja mlango wa gari ubamizwe.

Mlinzi akampita, akapanda mteremko.

"Za asubuhi, mama. Nimefuata kikombe changu, kile nilichokutilia chumvi Jumamosi. Ulisema hamtavuka mpaka leo saa tatu iwe imepita, na zamu yangu inaisha saa mbili."