Neno Alilobakiza Baba

Njiti ya kiberiti ilishawaka nilipoona alama za penseli kwenye gazeti la kuwashia jiko. Ilikuwa chemshabongo ya baba, ile ya kutafuta maneno yaliyofichwa kati ya herufi, aliyoifanya kila siku. Ya siku hiyo ilihusu mazao. Viazi, chai, parachichi, yote aliyazungushia penseli. Lilibaki neno moja, ulezi.

“Mama, mbona hili lilimshinda?”

“Halikumshinda, Ema. Kila siku alikuachia moja, mlitafute pamoja ukija.”

Njiti ikaniunguza kidole, nikaitupa.

Kutoka Makambako ninakoishi mpaka hapa Njombe ni kama saa moja tu kwa basi. Mwaka mzima nilimwambia, “Wiki ijayo, baba.”

Tangu tumzike nimewasha jiko siku nne kwa magazeti yake. Ndoo ya majivu pale mlangoni imejaa.