Mboga Isiyo na Chumvi

Kitambaa cha mashine ya presha kilipomwachia mkono, Zuleha alikuwa bado amefumba macho. Mwaka jana presha hiyohiyo ilimnyima bima ya maisha.

“Imeshuka, mama. Umepita,” nesi wa zahanati ya kituo cha malori alisema.

Mke mwenzake, aliyempikia mboga bila chumvi miezi yote hiyo, akapiga kigelegele mpaka madereva wa malori pale nje wakachungulia dirishani. Zuleha alicheka hadi machozi yakamtoka.

“Sasa, Mungu akikuchukua, malipo apewe nani?” wakala wa bima, aliyekuwa akisubiri na fomu yake, aliuliza. “Baba watoto?”

“Huyu hapa,” Zuleha alisema, akimshika mke mwenzake bega. “Nikiendesha lori la mzigo kwenda Zambia, wanangu hulala kwake.”

Mke mwenzake alifungua kinywa apige kigelegele cha pili. Hakikutoka.