Sikio la Uani

"Mumeo kaingia tena chumbani kwangu, kavua na kanzu! Sema ukweli, Bi Mwanakombo, huyu mzee ame—"

Mwanakombo hakumwacha amalize. Alimtandika Salha mwiko wa mdomo, damu ikarukia kanga. Majirani wakatoka na sahani zao mkononi, maana ugomvi wa uani haukosi watazamaji. Ukutani, sikio la serikali, kile chombo cha kunasa maneno, lilikuwa bado linawaka kijani: halijanasa kitu. Kila ua una lake, na sheria yake inajulikana: aliyetajwa mbele yake kuwa kapoteza kumbukumbu, akipigwa na kiharusi gari la wagonjwa haliji, kwani eti hata akitibiwa hadumu.

"Nyamaza, shoga, utaniulia mume!" Mwanakombo alimkaba koo.

Salha alimng'ata mkono, akajinasua, akapayuka: "Hata jina lako halijui!"

Taa ya sikio ikageuka nyekundu. Salha akajiziba mdomo.

Kelele zile zilimtoa Mzee Ngwali hadi mlangoni. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kushoto unaning'inia kama si wake. Alimtazama mkewe, akatabasamu kwa upande uliobaki.

"Karibu, mgeni," alisema kwa ulimi mzito. "Ingia ndani tule."